Shajara ya mradi: mwongozo wa Kiswahili kwa wachunguzi wapya wa EVE Online

Jumatatu usiku

Rasimu imenenepa kuliko ilivyotakiwa, kwa hivyo leo nimeshika mkasi. Sura ya silaha imetoka yote. Mchunguzi anayeanza hana haja ya bunduki: meli yake ni ndogo, ganda lake jembamba, na ikifika hatua ya kurushiana risasi na mtu, basi mambo yalishaharibika zamani. Zimebaki sura nne: meli, kuskani, kudukua, na kurudi nyumbani. Mimi nataka hiyo ya mwisho iwe ya kwanza. Binamu yangu, ambaye ndiye mhariri wetu, hajakubali.

Niwaeleze wanaoingia katikati. EVE Online ni gemu ya anga ya CCP, kampuni ya Iceland, na ilifunguliwa Mei 2003. Ukiwatoa wachezaji wa China, ambao wana seva yao, sisi wengine wote tumo katika ulimwengu mmoja uitwao New Eden, wenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000. Hakuna kuhifadhi mchezo na kurudia ulipokosea. Meli ikilipuka imekwenda, na aliyeilipua mara nyingi ni binadamu mwenzako. Tangu Novemba 2016 mtu anaweza kucheza bila kulipa kwa akaunti ya Alpha. Sisi wa Mombasa ni kikundi kidogo, karibu wote wa Alpha: wa Tudor, wa Majengo, wa Likoni, na sasa wageni wa Kisauni. Kiswahili hakimo katika lugha za gemu, na kila anayejiunga huniuliza maswali yaleyale kwa simu usiku wa manane. Mwongozo umeanzia hapo.

Kazi yenyewe ya uchunguzi ni nyepesi kuieleza. Unaingia mfumo, unarusha vichunguzi vinane, unatafuta ishara zilizofichika, na ukikuta mabaki ya kale au hazina za data unadukua makasha na kubeba kilichomo. Haitaki mtaji wala haitaki jeshi. Ndiyo maana wageni wanaipenda, na ndiyo maana wawindaji nao wanawapenda wageni.

Jumatano

Sura ya meli imekwisha, tena fupi kwa makusudi. Kila taifa kati ya yale manne ya kuanzia lina meli yake: Heron ya Caldari, Imicus ya Gallente, Magnate ya Amarr, Probe ya Minmatar. Zote zina nyongeza ya kuskani na ya kudukua. Chukua ya taifa lako uende. Mtu anayeshinda wiki nzima akiulizia ipi bora angekuwa ameshajaza ghala.

Vifaa: kirushio cha vichunguzi, kifaa cha kudukua mabaki, cha kudukua data, injini ya kuongeza mwendo, na skana ya shehena. Hii ya mwisho wengi huiacha, nami nimeisisitiza. Inakuonyesha kilicho ndani ya kasha kabla hujaligusa. Kasha lenye takataka unaliruka, na kila kasha unaloliruka ni dakika ambazo hukukaa mahali pa hatari.

Wa Tudor amepinga aya moja, ile inayomwambia mgeni anunue meli kadhaa za aina moja kwa mpigo na kuziweka kituoni. Anasema tunamtisha mtu kabla hajaondoka gatini. Nimeiacha vilevile. Mwenye meli moja huiendesha kwa woga, na mwoga hukawia kuamua. Meli ikilipuka rubani hutoka na kapsuli. Kapsuli nayo ikivunjwa, anaamka katika kituo chake cha nyumbani ndani ya kloni mpya, yaani mwili wa nakala. Anachopoteza ni meli, shehena, na vipandikizi vya kichwani kama alikuwa navyo. Basi asivae vipandikizi vya bei, yaishe.

Alhamisi

Ramani imenichosha. Kila mtu akiona nambari za usalama za mifumo anadhani ni ngazi, yaani 0.4 ni salama zaidi kidogo kuliko 0.2, na 0.2 kuliko sufuri. Mambo hayaendi hivyo.

Kuanzia 1.0 hadi 0.5 kuna CONCORD, polisi wa gemu. Wanamwadhibu aliyekushambulia, lakini hawamzuii. Meli yako inaweza kuwa imeshalipuka wakati ya mshambuliaji inalipuliwa na polisi, na mwenzake anakusanya mzigo wako taratibu. Kuanzia 0.4 hadi 0.1 CONCORD hawaji. Kuna bunduki za vituoni na za malango ya kuvukia kutoka mfumo hadi mfumo tu. Sufuri kushuka chini hakuna wa kukulinda kabisa, na wawindaji wanaruhusiwa kutega viputo vinavyoizuia meli kuruka kutoka sehemu moja ya mfumo hadi nyingine. Mwisho kuna anga ya matundu, ile unayoifikia kwa kupitia tundu (wormhole, njia ya mkato ya angani) ulilolipata kwa vichunguzi. Huko sheria ni zilezile za sufuri, na juu yake orodha ya waliomo ndani ya mfumo haimtaji mtu mpaka aandike neno mwenyewe kwenye gumzo.

Rai yangu, na nimeiandika kama rai: mgeni asiikawie 0.4 hadi 0.1. Hatari ni ya kutosha, mabaki ni ya bei ndogo, na malango yana watu waliokaa kusubiri. Ajifunze kuskani kwenye usalama wa juu mpaka vidole vizoee, kisha ashuke moja kwa moja sufuri au matunduni. Sufuri ina jambo moja zuri ambalo wageni hawalithamini: orodha inaonyesha kila anayeingia, papo hapo. Jina geni likitokea, unajua hauko peke yako.

Mengine ya sura hii nimeyapitia haraka. Kabla ya safari, ipake ramani rangi kwa meli zilizolipuliwa saa iliyopita. Mfumo uliowaka, uzunguke. Ukivuka lango hauonekani kwa dakika nzima mradi hujasogea. Itumie kutazama, usiharakie. Usiruke kutoka lango hadi lango moja kwa moja ukiwa sufuri, kwa sababu kiputo hutegwa katika mstari huohuo. Pitia sayari ya pembeni, uchungulie kwanza.

Jumamosi, jioni mpaka usiku

Leo tumefanya jaribio halisi na wa Likoni, hapa kwangu Majengo, dirisha wazi na feni inazunguka. Yeye kwenye kompyuta, mimi nyuma yake na karatasi. Masharti: nisiseme kitu mpaka aulize.

Kuskani amefaulu. Ameweka alama ya siri kwanza, yaani sehemu aliyoihifadhi katikati ya mruko, mbali na sayari na malango, na hapo ndipo aliporushia vichunguzi. Amepunguza upana wa vichunguzi hatua kwa hatua mpaka ishara ikafika asilimia 100. Ishara zilizojionyesha mapema kuwa ni gesi hakuhangaika nazo. Amepata tundu, akahifadhi alama upande wa huku, akavuka, akahifadhi upande wa kule. Hakuambiwa. Aliisoma katika rasimu, nami nikafurahi kimoyomoyo.

Ndani ya tundu akapata eneo la mabaki. Dirisha la kudukua likafunguka katikati ya skrini, na mambo yakabadilika.

Udukuzi wenyewe ni fumbo dogo. Una kirusi chenye uhai na nguvu, na wavu wa nodi zilizofungwa. Unazifungua moja moja kutafuta kiini. Nodi tupu huandika nambari: umbali wa kufikia kitu cha maana kilicho karibu zaidi, kiwe kiini, msaada au akiba. Nyingine zinaficha kinga zinazokula uhai wa kirusi chako na kuziba nodi za jirani. Ukishindwa mara ya kwanza unaruhusiwa kujaribu tena. Ukishindwa mara ya pili kasha linaharibika. Wa Likoni ana akili ya hesabu, na fumbo lilimmeza. Akaegemea mbele. Kidole chake kilikuwa juu ya panya, na mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kubonyeza V, ukaenda kushika bilauri ya maji.

V ndiyo skana ya mwelekeo. Inakwambia meli na vichunguzi vilivyo ndani ya AU 14.3 kutoka ulipo, yaani zaidi ya kilomita bilioni mbili. Haijirudii yenyewe, usipobonyeza, unachokiona ni habari ya zamani. Nikamtazama akifungua nodi baada ya nodi, na orodha ya skana pembeni imeganda vilevile tangu alipofika.

Kasha la pili, akainua macho mwenyewe. Akabonyeza. Vikatokea vichunguzi vya kivita, vile vinavyotafuta meli.

"Kwani hivi si vyangu?"

"Vyako umevirudisha."

"Ah. Sasa n'fanyeje?"

Nikavunja masharti: "Ondoka weye!"

Meli hairuki mpaka ifikie asilimia 75 ya mwendo wake ikiwa imeelekeza pua inakokwenda. Heron ni nyepesi, sekunde chache zinatosha, lakini sekunde hizo ndizo anazozitegemea mwindaji. Akafika alama yake ya siri. Akabonyeza V tena, na safari hii kulikuwa na Astero, meli ya watu wanaowinda wakiwa wamejificha. Vichunguzi vikatoweka. Astero nayo ikatoweka katika skana, jambo ambalo halina maana kwamba imekwenda. Imejificha tu, na skana haimwoni aliyejificha.

"Na lile kasha?" akaniuliza.

Lile kasha tumemwachia. Akarudi kwa tundu lake kupitia alama, shehena ndogo lakini salama, na tukatafuna viazi karai vilivyokwisha poa.

Sasa kazi yangu. Sura ya kudukua nilikuwa nimeianza kwa maelezo ya kirusi, kinga na kiini. Yote sahihi, na yote yanamfundisha mtu kuangalia dirisha ambalo ndilo linalomuua. Naandika upya. Ukurasa wa kwanza utakuwa wa kupanga madirisha: dirisha la kudukua lisogezwe kushoto, skana ya mwelekeo kulia kwake kabisa, zikigusana, ili jicho lisisafiri. Ukurasa wa pili: mkono wa kushoto haushiki kitu kingine. Fungua nodi mbili tatu, bonyeza V, endelea. Meli izunguke kasha, isisimame. Mafumbo yenyewe yaje baada ya hapo, na hata yakisomwa nusu si neno. Kirusi kikifa umepoteza kasha. Jicho likilala umepoteza meli.

Nimeongeza onyo moja ambalo jaribio la leo halikulionyesha. Wa Likoni alibahatika kuona vichunguzi. Mwindaji hodari anaweza kuwa ameshalipata eneo hilo kabla yako na kukaa amejificha kando ya kasha akingoja. Huyo hutaona dalili yake yoyote. Kwa hivyo hata skana ikiwa safi, eneo hilo halifai kulala. Beba vya thamani, ondoka.

Jumapili

Stima imekatika Majengo saa tatu usiku, mmoja wetu akiwa matunduni. Limekuja lenyewe swali nililokuwa sijui niliweke wapi.

Mtandao ukikatika, meli inajirusha yenyewe mbali na pale ilipo, na kama haikuwa vitani inatoweka angani baada ya kama dakika moja. Ikiwa imenaswa ndani ya kiputo haiwezi kujirusha. Kwa hivyo stima si mwisho wa dunia, mradi hukuwa umezembea mahali pabaya. Aliporudi hewani meli ilikuwepo, ila tundu aliloingilia lilikuwa limefunga. Matundu yana umri, mengi saa 16 au 24, na ukilikagua linakwambia kama limekaribia kuzeeka. Akarusha vichunguzi, akatafuta jingine, akatokea upande wa mbali kabisa wa ramani, hasira tele. Asingekuwa na kirushio melini ingekuwa hadithi nyingine. Kuna chama cha wachezaji kiitwacho Signal Cartel ambacho kupitia EvE-Scout huwaokoa waliokwama matunduni, nimekiandika katika ukurasa wa mwisho. Watu wema kwelikweli, katika gemu isiyo na wema mwingi.

Papo hapo nimejibu lalamiko la miaka nenda miaka rudi, kwamba sisi tuko mbali na seva. Seva iko London, kweli. Lakini gemu hii inapiga hesabu zake mara moja kwa sekunde, si kama zile za kufyatuliana risasi ambapo chembe ya sekunde inakuua. Nyaya za chini ya bahari zinatua hapahapa kwetu, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata. Anayepigwa matunduni asisingizie umbali.

Na kila siku saa nane mchana seva inafungwa kwa dakika chache. Saa ya gemu itakuandikia 11:00, usibabaike.

Jumanne

Orodha ya maeneo ya kuingia na ya kukimbia. Matunduni jina ndilo linalokwambia. Likiwa na jina la maharamia ndani yake, Angel, Blood, Guristas, Sansha au Serpentis, na ni mabaki au data, hakuna walinzi wa kompyuta. Hatari ni watu tu. Likianza na Forgotten au Unsecured, lina walinzi wa kompyuta waitwao Sleepers, na hao watakulipua hujasoma hata jina la kasha. Covert Research Facility ni mtego wa saa: unadukua huku muda unahesabiwa kwa siri, na ukiisha panalipuka. Superior Sleeper Cache waachie wenye uzoefu na meli ngumu.

Wa Majengo alitaka kila aina ielezwe kwa urefu. Nimemwambia mgeni anahitaji kujua wapi asiingie, basi. Tukaachana vizuri.

Ijumaa usiku

Binamu amekubali. Sura ya kurudi nyumbani inakwenda mbele.

Yeye anafanya kazi na wakala wa kutoa mizigo Kilindini, na gemu haichezi. Lakini nilipomsomea kwamba bima ya gemu inalipa meli tu na hailipi shehena, akasimama. "Ngoja, kaka. Huyo mtu wako anakusanya siku nzima, anazunguka na mali yote tumboni mwa meli isiyo na bima? Mzigo haujafika mpaka umetiwa sahihi ghalani." Kisha akaniuliza mbona nimelizika hilo mwishoni mwa kitabu.

Tumeiandika pamoja. Kabla ya kuondoka, weka kiwango: shehena ikifika thamani ambayo ukiipoteza utazima kompyuta kwa hasira, geuza. Kiwango ni chako, bora kiwekwe ukiwa kituoni, akili imetulia. Angani kila kasha litakwambia bado moja. Ukilipuliwa, sehemu ya mzigo huharibika na sehemu huokoka kwa bahati nasibu, na kinachookoka ni cha aliyekulipua. Ndiyo sababu mwindaji hana haraka nawe asubuhi, anakungoja ujaze.

Soko kubwa ni Jita, katika kituo cha sayari ya nne, mwezi wa nne. Njia ya kwenda huko ni ya usalama wa juu, na hapo ndipo wageni wengi wanalegea wakawasha rubani wa kujiendesha na kwenda kuswali au kupika. Rubani huyo huiteremsha meli kilomita kadhaa kabla ya lango, kisha inajikokota. Kuna watu wamekaa katika mfumo wa Uedama, kazi yao ni kuzingoja meli hizo. Endesha kwa mkono, kila lango. Ukifika Jita, yule anayeahidi kukuzidishia pesa zako mara mbili ni mwizi, hata kama ushahidi wake unapendeza.

Binamu alitaka tuongeze kwamba mzigo ugawanywe safari mbili. Nimekubali, kwa sharti kwamba isiwe safari mbili kwa njia ileile saa ileile.

Jumamosi

Sura nne zimekaa kwa mpangilio mpya: kurudi, meli, kuskani, kudukua. Kifaa cha kujificha nimekitoa humu. Kinastahili sura yake, na wa Tudor ameomba aiandike yeye, maana ndiye mwenye subira. Picha za skrini za kupanga madirisha bado. Zile za wa Likoni zimetoka na giza.

Kesho, baada ya saa nane, wageni wa Kisauni wanapewa kurasa hizi bila maelezo ya mdomo. Wa Likoni ndiye atakayekaa nyuma yao na karatasi safari hii. Nimemwagiza aandike jambo moja tu kila anapoliona: mkono wa kushoto uko wapi.